Bilda, WordPress au kodi ya kuandika mwenyewe: jinsi ya kuchagua kabla hujatoa hela

Mtu akiniuliza atumie Wix au WordPress au atafute developa amwandikie kila kitu, mi simjibu hapo hapo, namuuliza kwanza, hii websaiti ikishaenda laivu, miezi sita mbele huko, nani atakuwa anaigusa? Wengi wananitolea macho tu. Mawazo yote yako kwenye siku ya uzinduzi, rangi, logo, ile picha kubwa ya pale juu, na siku ya uzinduzi ni moja. Zinazobaki zote ni siku za kubadilisha namba ya simu, kuongeza bidhaa, kurekebisha sentensi iliyokosewa, kuapdeti programu, kulipia domeini (lile jina la anwani ya websaiti yako) isije ikaisha usiku wa manane.

Afu kuna swali la pili ambalo halipendwi kabisa: siku ukitaka kuhama, unaondoka na nini mkononi? Mi kwa miaka yote niliyofanya hizi kazi sijaona maswali mengine yanayoamua kama haya mawili. Bei, uzuri wa templeti (sura ya websaiti iliyokwisha andaliwa), nani anatangazwa sana, vyote vinakuja baadaye.

Kwa hiyo kabla hujafungua akaunti popote chukua karatasi. Andika kurasa unazozihitaji kweli (si zile unazotamani), andika mgeni akifika anatakiwa afanye nini, apige simu, ajaze fomu, anunue, asome tu? Andika nani ataweka vitu vipya na kila baada ya muda gani, na andika jina la mtu kabisa, usiandike "timu", maana timu haijawahi kuapdeti websaiti hata siku moja. Mwisho andika kitu kimoja ambacho websaiti yako lazima ifanye na za wengine hazifanyi. Hicho cha mwisho ukikikosa usishtuke, watu wengi hawana, na kukikosa ni habari njema, maana yake hauhitaji kitu cha gharama.

Bilda

Bilda ni hizi huduma kama Wix, Squarespace, Weebly, na Shopify kwa upande wa maduka. Unajisajili, unachagua templeti, unavuta vitu kwa mausi na kuvidondosha, unalipa kwa mwezi au kwa mwaka. Hostingi, yaani sehemu ya kuiweka websaiti ionekane mtandaoni, imo humo humo, ulinzi wanashughulika wao, cheti cha ile kufuli ya kwenye brauza wanaweka wao, apdeti hauzioni hata zinapita saa ngapi.

Kiswahili chetu kimetusaidia hapa bila kujua. Kodi ni ile unayomlipa mwenye nyumba, na kodi ni hii wanayoandika developa. Kwenye bilda unalipa kodi, kwenye ile njia ya tatu unaandika kodi. Na kama nyumba ya kupanga, bomba likipasuka si kazi yako kuhangaika, ila ukuta haubomoi, na siku mwenye nyumba akiamua kuuza kiwanja hakuombi ruhusa.

Hilo la kiwanja sisemi kutisha watu. GeoCities, huduma ya bure ya kuwekea kurasa, ilianza 1994, ikawa na mamilioni ya kurasa za watu wa kawaida, Yahoo wakainunua 1999, na 2009 wakaifunga, kurasa nyingi zikapotea isipokuwa zile ambazo watu wa kujitolea waliwahi kuzinakili. Karibuni zaidi Google walikuwa wanawapa wafanyabiashara websaiti ndogo za bure kupitia wasifu wa biashara zao, Machi 2024 wakazizima zote. Kwa hiyo ukiona kampuni ni kubwa usidhani na huduma itaishi milele, kampuni inabaki palepale, huduma ndo inaondoka.

Sasa kuondoka kwenyewe. Wix wenyewe wameandika kwenye maelekezo yao kwamba websaiti uliyoijenga kwao haiwezi kuhamishiwa kwenye hostingi nyingine, na kwenye ile edita yao ya kawaida ukishachagua templeti na kuanza kujenga huwezi kurukia templeti nyingine, unaanza upya. Squarespace wana sehemu ya kutoa maudhui kwenye faili ambalo WordPress inaweza kulisoma, ila dizaini haitoki nalo na kuna aina za kurasa zinabaki. Webflow, bilda nyingine, wanakuruhusu kushusha HTML na CSS (lugha za kuandikia kurasa) ukiwa kwenye mpango wa kulipia, lakini fomu na yale maudhui ya kwenye databesi yao (ghala la data) hayafanyi kazi ukishayatoa nje. Hizi huduma si mbaya kwa ajili ya hilo, unatakiwa tu ujue kabla hujaingia, maana mtu aliyejua hajaibiwa, na asiyejua anasema ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nani achukue bilda? Mtu mmoja au ofisi ndogo, kurasa tano mpaka kumi, hamna mtu wa kompyuta karibu, mabadiliko mara chache kwa mwezi. Mpiga picha, fundi, mshauri, shughuli ya siku moja kama harusi au kongamano. Na duka la mtandaoni dogo pia, hapa naomba nisisitize, kwa sababu malipo ya kadi ni kitu ambacho hutaki kulala nacho chumba kimoja kama haukijui. Shopify na wenzao wamebeba huo mzigo wa viwango vya usalama wa kadi, we unauza tu.

Jinsi ya kuijaribu: usianze na ukurasa wa mbele, ukurasa wa mbele kila bilda inaupendezesha, ndo kazi yao. Anza na kazi ya kuudhi. Chukua simu, si kompyuta, jaribu kuongeza bidhaa au tangazo jipya ukiwa umesimama. Kisha jaribu kuhariri kitu ulichoweka juzi. Halafu tafuta kwenye mipangilio neno la kutoa au kushusha maudhui, uyatoe uone kinatoka nini. Ukimaliza angalia kifurushi gani kinakuruhusu kuunganisha domeini yako, mara nyingi kile cha bure kinakupa anwani yenye jina lao ndani yake na tangazo lao juu, na angalia bei ya mwaka wa pili, maana ile kubwa iliyoandikwa kwa wino mzito mara nyingi ni ya mwaka wa kwanza tu.

WordPress na ndugu zake

Hapa ndo watu wengi wanapochanganyikiwa kwa hiyo nitakaa kidogo. Mfumo wa kusimamia maudhui, CMS kwa kifupi, ni programu unayoiweka kwenye hostingi uliyoilipia mwenyewe, ina dashibodi ya kuandikia, na maudhui yako yanakaa kwenye databesi yako. WordPress ilitoka 2003, wakaianzisha Matt Mullenweg na Mike Little kutoka kwenye programu nyingine iliyokuwa imetelekezwa, na leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya websaiti zote duniani. Drupal ni ya 2001, Joomla ya 2005, zipo na zina watu wake, Drupal hasa kwa taasisi kubwa zenye watumiaji wengi wa ngazi tofauti, ila kama hauna sababu maalum ya kuzichukua usizichukue, utapata shida kumpata mtu wa kukusaidia.

Kuna WordPress mbili, na hili limewaumiza watu wengi sana. WordPress.org ni pale unaposhusha programu yenyewe, bure, leseni yake inakuruhusu kuitumia, kuibadilisha na kuigawa unavyotaka, unaiweka unapotaka. WordPress.com ni huduma ya kampuni ya Automattic, inafanana zaidi na bilda, na kwenye kifurushi chake cha bure huwezi kuweka plagini zako (vile viprogramu vya kuongezea uwezo). Nimeshaona mtu ananunua themu (sura ya websaiti) kwa hela nzuri kabisa halafu anakuta hana pa kuiweka kwa sababu yuko kwenye ile nyingine.

Utamu wake ni plagini. Saraka ya bure ina makumi ya maelfu, fomu, duka kupitia WooCommerce, lugha mbili, kozi, chochote. Na sumu yake ni plagini hizo hizo. Kamba hukatikia pembamba, na kwenye WordPress upembamba ni mara chache sana uwe kwenye programu yenyewe, matundu mengi ya usalama yanayogunduliwa yako kwenye plagini na themu. Plagini moja ambayo aliyeiandika ameshaenda kufanya mambo mengine inatosha kuwaingiza watu ndani. Kwa hiyo kabla ya kuweka yoyote angalia iliapdetiwa mwisho lini, imejaribiwa na toleo gani, na maswali ya watumiaji yanajibiwa au yamelala. Na ukiacha kuitumia ifute, usiizime tu, faili zake bado zimekaa pale kwenye seva.

Mimi mwenyewe niliwahi kupokea websaiti ya mteja yenye plagini thelathini na kitu, tatu zikifanya kazi ile ile ya kubana picha, na hakuna aliyekumbuka nani aliweka ipi, ukurasa ulikuwa unafunguka unaweza kwenda kuchota maji ukarudi. Google wanashauri kitu kikubwa kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, sisi hapo tulikuwa tunahesabu kwa dakika. Tulitoa plagini zaidi ya nusu na hakuna mtu aliyelalamika kwamba kuna kitu kimepungua.

Kazi za kila mwezi ambazo lazima mtu mwenye jina azifanye: kuapdeti programu, themu na plagini, na kabla ya kuapdeti, bakapu (nakala ya akiba). Bakapu ya WordPress ni vitu viwili, faili NA databesi. Ukiwa na faili peke yake una themu, plagini na picha ila maandishi yote hayapo, ukiwa na databesi peke yake una maandishi ila picha hazipo. Na ile bakapu isikae kwenye seva hiyo hiyo, seva ikianguka mnaanguka wote. Jaribu kuirudisha angalau mara moja sehemu ya pembeni, bakapu ambayo haijawahi kurudishwa mi huwa siihesabu kama bakapu. Jina la kuingilia lisiwe admin, nenosiri liwe refu, uthibitisho wa hatua mbili uwashwe. Kama kwenye ile karatasi yako pale kwenye jina la mtu hujaandika kitu, basi hizi kazi hazitafanyika, na kama hazitafanyika rudi kwenye bilda au lipia hostingi inayofanya hizo kazi kwa niaba yako, hakuna aibu.

Mtego mwingine ni zile plagini za kuvuta na kudondosha zinazowekwa juu ya WordPress. Zinasaidia kweli, ila baadhi ukizizima ukurasa unabaki na alama za mabano na misimbo iliyotapakaa katikati ya maandishi. Yaani ulikimbia bilda kwa sababu ya kufungwa, ukajifunga tena ukiwa nyumbani kwako. Siku hizi edita ya ndani ya WordPress inatosha kwa kurasa nyingi, anza na hiyo kwanza.

Kutoka kwenye WordPress ni rahisi kuliko wengine. Kuna kitufe cha kutoa maudhui yote kwenye faili la XML, machapisho, kurasa, maoni, ila picha zenyewe hazimo mle, zimo linki zake tu, kwa hiyo usizime hostingi ya zamani kabla hujazivuta. Njia ya uhakika zaidi ni kunakili faili zote na databesi nzima kwenda hostingi mpya, na hapo inakuja kama ilivyo.

Kodi ya kuandika

Watu wakisikia kuandika kodi kuanzia sifuri wanawaza kitu kimoja kumbe ni viwili tofauti kabisa.

Cha kwanza ni kurasa tulivu, HTML na CSS basi. Hakuna databesi, hakuna logini, hakuna cha kuapdeti kila wiki, mdukuzi akija anakuta hakuna mlango wa kugonga. Kuna vifaa kama Hugo, Jekyll na Eleventy ambavyo vinachukua maandishi uliyoandika kwenye faili za kawaida na kuzigeuza kuwa kurasa, na unaweza kuziweka bure kwenye GitHub Pages au Cloudflare Pages. Websaiti ya kwanza kabisa duniani, ile Tim Berners-Lee aliyoitengeneza kule CERN na ikatangazwa kwa umma mwaka 1991, nakala yake bado inafunguka kwenye brauza ya leo. Niambie plagini gani ina ubavu huo. Shida yake ni kwamba anayeandika lazima awe tayari kushughulika na faili, katibu wa ofisi hatafurahi, na fomu ya mawasiliano au sehemu ya kutafuta inabidi uichukue kwenye huduma ya nje. Kwa mtu anayejua kidogo kompyuta na websaiti yake haibadiliki sana, mi hii naipendekeza kuliko zote, na inashangaza inavyosahaulika.

Cha pili ni mfumo kamili unaoandikwa kwa freimuwek (misingi tayari ya kujengea juu yake) kama Laravel, Django, Rails au chochote, wenye watumiaji, mahesabu, ruhusa, ripoti. Huu unauchukua pale ambapo kile kitu kimoja ulichoandika mwisho wa karatasi kipo kweli, na umetafuta plagini au huduma tayari ukakosa. Kwa mfano unagawa zamu za watu kwa kanuni zako, au unaunganisha na mfumo wa stoo ambao hakuna mwingine anao. Kama unachotaka ni ukurasa wa kuhusu sisi, huduma zetu na wasiliana nasi halafu mtu anakwambia lazima iandikwe yote kwa mkono, muulize kwa nini, na jibu likiwa "ndo inakuwa ya kisasa" muage kwa adabu.

Ukiamua kwenda njia hiyo, mambo ya kuandikiana kabla ya kazi kuanza: kodi ni mali ya nani, inakaa kwenye akaunti ya nani (iwe yako, developa aingie kama mgeni), kuna maelezo ya namna ya kuiwasha kwenye seva mpya au yapo kichwani mwa mtu, na nani anarekebisha baada ya miezi mitatu na kwa malipo gani. Developa kuingia mitini ni kitu cha kawaida, wala si lazima awe mbaya, amepata kazi nyingine, ameugua, amechoka. Kipimo changu ni hiki, mpe developa mwingine ile kodi na maelezo, akishindwa kuiwasha ndani ya siku moja basi hauna mfumo, una siri ya mtu. Na usikubali mtu akuandikie logini na malipo kwa mikono yake kuanzia mwanzo, freimuwek nyingi kubwa zinakuja na njia ya kuingia iliyopimwa na watu wengi, na malipo yapite kwa kampuni zinazofanya hiyo kazi.

Kuhusu hizi AI zinazokutolea websaiti nzima kwa kuandika sentensi mbili, zinafanya kazi, tena kwa zile kurasa tulivu zinafanya vizuri. Ila ilichokupa bado ni kodi, ikiharibika lazima awepo wa kuisoma, kwa hiyo maswali mawili ya mwanzo yako palepale.

Kuchanganya nako kupo

Hakuna aliyesema uchague moja. Kurasa za kutangaza zinaweza kukaa WordPress au bilda, na ule mfumo wenu wa ndani ukakaa peke yake kwenye anwani ndogo ya domeini hiyo hiyo. Kwa njia hiyo mtu wa matangazo anabadilisha picha zake bila kumsubiri developa, na developa hagusi rangi za mtu. Mi nimeona kazi nyingi zikikwama kwa sababu tu vyote vilibanwa sehemu moja.

Chochote utakachochagua, domeini isajili mwenyewe, kwa jina lako na imeli yako, na ikiwezekana kwa msajili (kampuni inayosajili domeini) tofauti na pale unapojenga. Hii ndo sehemu ninayoweza kugombana na mtu. Bilda ikikuboa unabadilisha, hostingi ikilala unahama, lakini domeini ikiwa kwa jina la mtu mwingine unaanza kubembeleza. Na ile imeli ya kusimamia domeini isiwe imeli ya domeini hiyo hiyo, maana ikiisha muda ujumbe wa kukukumbusha unakwenda kwenye sanduku lililokufa. Jua pia kwamba domeini nyingi za kimataifa kama .com zikishasajiliwa huwezi kuzihamishia kwa msajili mwingine mpaka zipite siku 60, kwa hiyo usinunue kwa haraka ukisema nitahama wiki ijayo.

Kama tayari uko kwenye kitu kibovu na unataka kuhama, usianze kwa kubomoa. Orodhesha anwani zote za kurasa za zamani kwanza, jenga mpya pembeni, halafu kila anwani ya zamani ielekeze kwenye mpya yake kwa ule uelekezaji wa kudumu wa 301, vinginevyo linki zote ambazo watu walishazihifadhi na Google walishazijua zinagonga ukuta. Bilda nyingine zinakuruhusu kuweka huo uelekezaji na nyingine ni za kubahatisha, liulize hilo mapema. Ya zamani iache hewani mwezi mzima hivi baada ya kuhama, hata kama unailipia bila kuitumia, maana kila mara kuna picha au faili la PDF ambalo hakuna aliyelikumbuka mpaka mteja mmoja alipolitafuta.

Na malipo ya kwanza lipa mwezi mmoja, hata kama wanakupa punguzo kubwa kwenye mwaka mzima. Ndani ya huo mwezi yule uliyemwandika jina kwenye karatasi ndo aweke vitu, si wewe wala si developa, umkalie pembeni kimya uangalie anakwama wapi. Akikwama kila siku sehemu ile ile, bado una wiki kadhaa za kubadilisha mawazo.